Ukarimu wa Mataifa Upimwe kwa Mizani Gani?

Desemba 27, 2004, siku moja baada ya tsunami kuzikumba pwani za Bahari ya Hindi kuanzia Aceh nchini Indonesia hadi Somalia, Jan Egeland alizungumza na waandishi wa habari. Mnorwei huyo ndiye aliyekuwa akisimamia misaada ya dharura ya Umoja wa Mataifa. Alisema nchi tajiri zina ubahili zinapotakiwa kuzisaidia nchi maskini. Hakutaja nchi yoyote kwa jina, lakini Washington ilijiona imesemwa. Wakati huo Marekani ilikuwa imeahidi dola milioni 15 kwa waathirika. Katika siku chache zilizofuata ahadi hiyo ikapanda hadi milioni 35, kisha milioni 350. Rais George W. Bush akajibu kwamba kwa mwaka 2004 serikali yake ilikuwa imetoa dola bilioni 2.4 za misaada ya dharura, sawa na asilimia 40 ya misaada yote ya aina hiyo duniani. Watetezi wake wakaongeza kwamba Wamarekani hutoa pia kutoka mifukoni mwao, nje ya bajeti ya serikali. Na kweli, michango ya watu binafsi wa Marekani kwa waathirika wa tsunami ilipita dola bilioni moja.

Mabishano yale hayakupata mshindi kwa sababu kila upande ulikuja na mizani yake. Egeland alipima kwa sehemu ya pato la taifa, Bush akapima kwa jumla ya dola, na watetezi wake wakapima kwa hisani ya raia. Wote walisema kweli, na kila ukweli ulitoa jibu tofauti.

Swali la nani karimu limerudi kwa kishindo sasa, wakati nchi tajiri zinapunguza misaada moja baada ya nyingine. Sisi wa Afrika Mashariki, ambao kwa miongo sita tumezoea kusikia majina ya wahisani kila bajeti inaposomwa, tunapaswa kulijibu kwa akili zetu wenyewe. Hoja ya makala haya ni kwamba ukarimu wa nchi upimwe kwa mambo matatu: umemgharimu kiasi gani mtoaji, umemfikia nani, na umekuja na masharti gani. Anayetumia mizani hiyo ataona orodha ya wakarimu ikibadilika sana, na majina yasiyotajwa kabisa katika takwimu za wahisani yakipanda juu.

Jumla ya dola

Mizani iliyo rahisi kusoma ni jumla ya fedha. Hesabu zake huandaliwa na OECD, shirika la kiuchumi la nchi tajiri lenye makao yake Paris, ambalo lilitunga fasili ya msaada rasmi wa maendeleo mwaka 1969. Kwa fasili hiyo, msaada ni fedha za serikali zinazolenga ustawi wa nchi zinazoendelea, zikitolewa kama ruzuku au kama mkopo wenye masharti nafuu kuliko ya soko. Silaha hazihesabiwi. Mwaka 2023 nchi wanachama wa kamati ya misaada ya shirika hilo zilitoa jumla ya dola bilioni 223.7. Marekani iliongoza kwa bilioni 66, ikafuatiwa na Ujerumani kwa bilioni 36.7, Japani 19.6, Uingereza 19.1 na Ufaransa 15.4.

Jumla hii haifai kubezwa. Mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, PEPFAR, ulioanzishwa na Bush mwaka 2003, umetumia zaidi ya dola bilioni 100, na serikali ya Marekani inakadiria kwamba umeokoa maisha ya watu milioni 25. Mgonjwa wa Bukoba au Kisumu aliyeanza kumeza dawa za kufubaza virusi na leo analea wajukuu hakuwa na haja ya kuuliza zile ni asilimia ngapi ya uchumi wa Marekani. Kwa anayepokea, wingi una maana yake.

Lakini wingi unapima ukubwa wa ghala kuliko moyo wa mwenye ghala. Uchumi wa Marekani ni mkubwa mara nyingi kuliko wa Norwei, kwa hiyo kuziweka nchi hizi mbili kwenye mstari mmoja kwa dola tupu hakutuambii lolote kuhusu nani amejinyima. Wahenga wetu walishatoa hukumu yao: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Sehemu ya pato

Mwaka 1968 Benki ya Dunia ilimpa Lester Pearson, waziri mkuu mstaafu wa Kanada, kazi ya kuongoza tume ya kutathmini misaada ya maendeleo. Ripoti yake ya mwaka 1969 ilipendekeza kila nchi tajiri itoe asilimia 0.7 ya pato lake la taifa. Oktoba 1970 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likalipitisha pendekezo hilo kuwa lengo la dunia, litimizwe kufikia katikati ya muongo. Uswidi ilikuwa ya kwanza kulifikia, mwaka 1974. Uholanzi ikafuata 1975, Norwei 1976 na Denmark 1978. Ufini ililifikia mara moja tu, mwaka 1991. Kanada, nchi ya Pearson mwenyewe, haijawahi kulifikia. Marekani haikukubali kufungwa na lengo hilo tangu mwanzo.

Kwa mizani hii jedwali la 2023 linapinduka. Norwei inashika nafasi ya kwanza kwa asilimia 1.09 ya pato lake, ikifuatiwa na Luxembourg kwa 0.99, Uswidi 0.91, Ujerumani 0.79 na Denmark 0.74. Marekani, kinara wa dola, inaporomoka hadi asilimia 0.24. Wastani wa kundi zima ulikuwa 0.37, karibu nusu ya ahadi ya 1970. Ukigawa kwa idadi ya watu, serikali ya Norwei ilitoa karibu dola 1,000 kwa kila Mnorwei, na ya Marekani chini ya dola 200 kwa kila Mmarekani.

Kwa nini nchi za Nordiki? Hazikuwa na makoloni Afrika katika karne ya 20, kwa hiyo misaada yao haikuanza kama njia ya kulinda maslahi ya zamani. Nyumbani zilishajenga utaratibu wa kodi kubwa na huduma kwa wote, na vyama vya wafanyakazi pamoja na makanisa viliona kuwa ni jambo la kawaida utaratibu huo kuvuka mipaka. Tanzania ilionja matunda yake mapema. Shirika la Elimu Kibaha, lenye shule ya sekondari, huduma za afya na mafunzo ya wakulima, lilianza mwaka 1963 kama mradi wa pamoja wa Tanganyika na nchi za Nordiki, na mwaka 1970 likakabidhiwa kwa serikali ya Tanzania. Wahisani walijenga, wakafundisha wenyeji, wakaondoka, na shirika likabaki likifanya kazi. Mradi wa namna hiyo ndio kipimo kizuri cha ukarimu unaojali anayepokea.

Kilichomo ndani ya asilimia

Hata hivyo, asilimia nayo ina mambo iliyoyaficha. Ukiifungua hesabu ya OECD unakuta vitu ambavyo mwananchi wa kawaida asingeviita msaada.

Cha kwanza ni gharama za kuwahifadhi wakimbizi ndani ya nchi tajiri yenyewe. Kanuni zinaruhusu mhisani kuhesabu gharama za mwaka wa kwanza wa mkimbizi kuwa msaada wa maendeleo, ingawa fedha hizo zinalipwa kwa hoteli na watoa huduma wa nchini mwake. Mwaka 2023 gharama hizo zilifika dola bilioni 31, karibu asilimia 14 ya msaada wote duniani. Uingereza ilitumia kwa njia hiyo zaidi ya robo ya bajeti yake ya misaada. Kumpokea mkimbizi ni wema, na hakuna anayeupinga. Ila kijiji kisicho na kisima hakipati kisima kwa sababu chumba cha hoteli kimelipiwa Uingereza.

Cha pili ni kusamehe madeni. Mwaka 2005 misaada ya dunia ilipanda ghafla, sehemu kubwa ikiwa ni madeni ya Iraki na Nigeria yaliyofutwa. Nigeria ilipunguziwa mzigo wa takriban dola bilioni 18, nafuu ya kweli, lakini sehemu ya deni hilo isingelipwa kamwe hata lisingefutwa.

Cha tatu ni mikopo. Norwei na Uswidi hutoa karibu msaada wao wote kama ruzuku. Japani, ambayo kwa miaka mingi ya muongo wa 1990 iliongoza dunia kwa jumla ya dola, hutoa sehemu kubwa kama mikopo ya barabara, bandari na umeme, na Ufaransa nayo hukopesha sana. Mkopo nafuu unaweza kujenga daraja zuri, lakini hurudi kudaiwa kwa mjukuu wa aliyeupokea. Tangu 2018 OECD huhesabu ile sehemu ya mkopo inayolingana na ruzuku badala ya mkopo mzima, na hilo limepunguza udanganyifu wa tarakimu.

Cha nne ni msaada uliofungwa kwa bidhaa na kampuni za mtoaji. Mfano unaojulikana sana ni chakula cha msaada cha Marekani. Tangu sheria ya mwaka 1954, kwa miongo mingi chakula hicho kilipaswa kununuliwa kwa wakulima wa Marekani, na sehemu kubwa kusafirishwa kwa meli zenye bendera ya Marekani, hata pale mahindi yalipokuwa yakiuzwa kwa bei poa katika nchi jirani na yenye njaa. Tathmini za OECD zimeonyesha kwamba kufunga msaada kwa namna hii hupandisha gharama kwa asilimia 15 hadi 30. Senti zinazopotea hapo zinaandikwa kwa jina la maskini wa Afrika, ila anayezipokea ni mkulima wa Marekani na mwenye meli.

Mifuko ya raia

Turudi kwenye utetezi wa Wamarekani, maana una uzito. Mwaka 2023 hisani yote nchini Marekani, ya watu binafsi, wakfu na kampuni, ilikuwa dola bilioni 557, zaidi ya mara mbili ya msaada rasmi wa nchi zote tajiri kwa pamoja. Theluthi mbili zilitoka kwa watu binafsi. Shirika la Uingereza la Charities Aid Foundation lililinganisha nchi 24 mwaka 2016 na kukuta Wamarekani wanatoa kiasi kinacholingana na asilimia 1.44 ya pato la taifa, wakifuatiwa kwa mbali na New Zealand kwa 0.79, Kanada 0.77 na Uingereza 0.54. Uswidi ilikuwa na 0.16 na Norwei 0.11. Vinara wa msaada wa serikali wako karibu na mkiani katika hisani ya raia.

Hakuna mkinzano hapo. Raia wa Norwei amekwishatoa kupitia kodi yake. Hospitali, chuo kikuu na nyumba ya wazee havimsubiri mfadhili. Nchini Marekani huduma nyingi kama hizo hutegemea michango, na sheria ya kodi imewapa wachangiaji nafuu tangu mwaka 1917. Kwa hiyo sehemu kubwa ya hisani hiyo hubaki nyumbani. Karibu robo ya fedha za mwaka 2023 zilikwenda kwa makanisa na taasisi nyingine za dini, na nyingine nyingi kwa vyuo na hospitali za huko huko. Zilizotengwa kwa shughuli za kimataifa zilikuwa karibu dola bilioni 30, takriban asilimia 5 ya jumla.

Hebu tufanye hesabu waliyoikwepa wabishanaji wa 2004. Dola bilioni 30 ni kama asilimia 0.11 ya uchumi wa Marekani. Ongeza msaada rasmi wa asilimia 0.24, unapata 0.35. Yaani hata ukijumuisha mfuko wa serikali na mifuko ya raia, Marekani inafika theluthi moja ya kile ambacho serikali ya Norwei inatoa peke yake. Wamarekani ni wakarimu sana kwa majirani zao. Kwa walio mbali, ukarimu wao ni wa wastani, na umeonekana mkubwa kwa sababu nchi yao ni kubwa.

Watoaji wa nje ya kamati

Takwimu za Paris zinawahusu zaidi wanachama wake. Nje yake wapo watoaji wenye historia ndefu. Kuwait ilianzisha mfuko wake wa maendeleo mwaka 1961, mwaka uleule iliopata uhuru. Falme za Kiarabu zilivuka asilimia 1 ya pato mwaka 2013, ingawa sehemu kubwa ya fedha hizo ilikwenda Misri, kwa sababu za kisiasa zinazoeleweka. Uturuki ilivuka asilimia hiyo mwaka 2019 kutokana na gharama za kuhifadhi mamilioni ya Wasyria. Pembeni ya serikali, zaka, sadaka na wakfu za Waislamu wa Ghuba zimejenga visima, misikiti na madarasa katika pwani yetu. Kule Chukwani, Zanzibar, kuna chuo kikuu chenye jina la Abdulrahman Al-Sumait, daktari wa Kuwait aliyeanzisha mwaka 1981 shirika la hisani lililofanya kazi katika nchi nyingi za Afrika. Sehemu ya utoaji wa aina hii haiingii katika takwimu yoyote ya kimataifa, kwa kuwa dini yenyewe inahimiza mkono wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia.

China ina somo la peke yake kwetu, kwa sababu tunazo reli zake mbili za kulinganisha. Ya kwanza ni TAZARA. Benki ya Dunia na nchi za Magharibi zilipokataa kuigharamia kwa madai kwamba haina faida, China ilitoa mkopo usio na riba, ikaleta makumi ya maelfu ya wafanyakazi, na kati ya 1970 na 1975 ikajenga kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Wakati huo China yenyewe ilikuwa nchi maskini. Pato la Mchina wa kawaida lilikuwa chini ya la Mzambia. Kwa mizani ya kilichomgharimu mtoaji, ni vigumu kupata mfano unaoizidi TAZARA katika historia ya misaada barani Afrika. Ya pili ni reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, iliyozinduliwa Mei 2017. Mikopo yake miwili ya mwaka 2014, kila mmoja ukiwa wa karibu dola bilioni 1.6, ilitoka benki ya serikali ya China: mmoja wa masharti nafuu, mwingine wa kibiashara. Reli zote mbili zina faida zake, lakini ya kwanza ilikuwa ukarimu na ya pili, kwa sehemu kubwa, ni biashara. Nchi ile ile, kwa miaka arobaini tu, ilihama kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ndiyo maana si busara kuipa nchi sifa ya ukarimu au ubahili wa kudumu.

Maskini anayetoa

Sasa tuwaendee wasiotajwa. Charities Aid Foundation imekuwa ikichapisha tangu 2010 orodha ya dunia inayouliza watu maswali matatu: je, katika mwezi uliopita ulimsaidia mtu usiyemjua, ulichangia fedha, ulijitolea muda wako? Katika ripoti ya mwaka 2024 Indonesia ilikuwa ya kwanza na Kenya ya pili. Kipimo hiki kina udhaifu wake, kwa kuwa kinategemea watu kujisemea. Mwaka 2025 shirika hilo likabadili utaratibu na kuuliza watu wanatoa sehemu gani ya kipato chao. Nigeria iliongoza kwa asilimia 2.83. Wastani wa Afrika ulikuwa 1.54, na wa Ulaya 0.64.

Msomaji wa huku hawezi kushangaa. Michango ya misiba, harusi, ada za shule na matibabu hutolewa kila wiki, na mwenye mshahara mdogo huchangia kama mwenye mkubwa. Ukame wa mwaka 2011 ulipowakumba wakazi wa kaskazini mwa Kenya, Wakenya walianzisha kampeni ya Kenyans for Kenya (Wakenya kwa Kenya), wakatumiana michango kwa simu, na lengo la awali la shilingi milioni 500 likapitwa. Waafrika walio ughaibuni nao hawajasahau. Mwaka 2024 Wakenya wa nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, zaidi ya mapato ya chai. Duniani kote, fedha zilizotumwa na wahamiaji katika nchi za kipato cha chini na cha kati mwaka 2023 zilikuwa dola bilioni 656, karibu mara tatu ya msaada rasmi wote.

Utoaji huu huvuka hata mipaka ya mabara. Juni 2002 Wamaasai wa Enoosaen, kusini magharibi mwa Kenya, waliposikia kwa undani yaliyotokea New York Septemba 11, waliwakabidhi wawakilishi wa ubalozi wa Marekani ng'ombe 14. Kwa dola, zawadi ile haina nafasi katika jedwali lolote. Kwa jamii ambayo mali yake yote ina kwato, ni asilimia kubwa mno.

Zito kuliko yote ni suala la wakimbizi. Uganda inahifadhi zaidi ya wakimbizi milioni 1.5, na sheria yake ya mwaka 2006 inawapa haki ya kufanya kazi na kutembea, huku makazi yao yakiambatana na vipande vya ardhi ya kulima. Tanzania iliwapa uraia Warundi wapatao 162,000 waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 na kuishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu; vyeti vyao vilianza kutolewa mwaka 2014. Kenya imebeba Dadaab tangu 1991 na Kakuma tangu 1992. Linganisha. Mkimbizi akilala hotelini Uingereza, usiku huo unaandikwa kuwa msaada wa maendeleo. Mkimbizi huyohuyo akipewa ekari Uganda, maji ya kisima cha kijiji na kiti darasani pamoja na watoto wa wenyeji, hakiandikwi chochote, na Uganda inabaki katika safu ya wapokeaji. Hii ndiyo dosari kubwa kuliko zote katika hesabu za ukarimu duniani, na inapaswa kusahihishwa.

Masharti na kinachorudi

Jambo la tatu katika mizani yetu ni masharti. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi kwa sababu Tanzania iliruhusu ubalozi mdogo wa Ujerumani Mashariki Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere akaitaka Ujerumani Magharibi ichukue na misaada yake mingine yote. Mwishoni mwa mwaka huo Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya suala la Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Azimio la Arusha la mwaka 1967, lenye onyo kali dhidi ya kutegemea fedha za wageni, liliandikwa na watu waliokwishaona mambo haya kwa macho yao.

Msaada unaweza pia kushindwa bila nia mbaya yoyote. Norwei, kinara wetu wa asilimia, ilijenga mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiwanda cha kugandisha samaki Kalokol, kando ya Ziwa Turkana. Wafugaji wangegeuzwa wavuvi. Umeme wa kugandisha na maji safi vikawa ghali kuliko samaki wenyewe, na kiwanda kilifanya kazi siku chache tu. Baadaye ukame ukakausha hata ghuba iliyokuwa ikivuliwa. Fedha zilitolewa kwa moyo safi. Waturkana hawakuulizwa vya kutosha.

Yapo pia yanayotoka. Jopo la Umoja wa Afrika lililoongozwa na Thabo Mbeki liliripoti mwaka 2015 kwamba Afrika hupoteza zaidi ya dola bilioni 50 kila mwaka kwa fedha zinazotoroshwa, sehemu kubwa kupitia kampuni kubwa zinazodanganya bei na kukwepa kodi. Nchi inayotoa msaada huku benki zake zikipokea fedha hizo ni sawa na mnunuzi wa pamba anayegawa sukari kijijini ilhali mizani yake imechezewa. Taasisi ya Center for Global Development ya Washington imejaribu tangu 2003 kuyahesabu mambo haya pamoja, yaani misaada, biashara, uhamiaji, mazingira na mengineyo. Uswidi imeongoza mara nyingi katika kipimo hicho.

Mikono inaporudi nyuma

Mwaka 2024 msaada rasmi ulishuka kwa asilimia 7.1 hadi dola bilioni 212.1. Januari 20, 2025, Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa amri ya rais, na Julai 1 mwaka huo USAID, iliyoanzishwa na John F. Kennedy mwaka 1961, ikafungwa rasmi. Uingereza, iliyoiweka asilimia 0.7 katika sheria mwaka 2015, ilishusha hadi 0.5 mwaka 2021, na Februari 2025 ikatangaza kushuka hadi 0.3 ifikapo 2027 ili kuongeza fedha za ulinzi. Hata Uswidi iliachana mwaka 2022 na lengo lake la asilimia 1. Utafiti uliochapishwa katika jarida la The Lancet Juni 2025 ulikadiria kwamba kupunguzwa kwa misaada ya Marekani kunaweza kusababisha vifo zaidi ya milioni 14 kufikia 2030.

Hili linaongeza kigezo ambacho mabishano ya 2004 hayakukigusa: kudumu. Msaada wa dawa unaokatika katikati ya tiba humwacha mgonjwa katika hatari kubwa, hata kama ulikuwa mkubwa kuliko wote. Nchi inayotoa kidogo kwa miaka hamsini bila kuyumba imefanya jambo ambalo nchi inayotoa kingi na kukikata kwa uchaguzi mmoja haijalifanya.

Hukumu yangu basi ni hii. Kwa serikali, Norwei, Luxembourg, Uswidi na Denmark ni miongoni mwa zilizotimiza neno lao kwa muda mrefu zaidi, na zinastahili shukrani bila kusahau Kalokol. Kwa jumla, Marekani imeokoa maisha mengi kuliko nchi nyingine yoyote kwa programu moja, na imeonyesha pia jinsi wema unavyoweza kuondolewa kwa saini moja. Kwa gharama halisi kwa mtoaji, nafasi ya juu inawastahili wenyeji wa wakimbizi wa Uganda, Tanzania na Kenya, na watu wa kawaida wa Afrika wanaotoa asilimia kubwa ya kidogo walicho nacho.

Serikali zetu zidai hesabu za dunia zitambue mzigo huo. Na sisi wananchi tuzidai serikali zetu. Aprili 2001, mjini Abuja, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya, na ni nchi chache mno zilizowahi kufika hapo. Hatuwezi kuwalaumu Wakanada kwa kukosa asilimia 0.7 huku tukinyamazia 15 yetu. Juni ijayo bajeti itakaposomwa, tafuta fungu la afya, ulilinganishe na ahadi ya Abuja, kisha umuulize mbunge wako ni lini dawa za wagonjwa wetu zitaacha kutegemea uchaguzi wa nchi nyingine.